Udongo wa maweni: namna ya kuupima kabla hujaugeuza malisho

Anayefuga upande wa mashariki au kusini ya Unguja, kuanzia Michamvi kuteremka Paje, Jambiani na Makunduchi hadi kuzunguka Kizimkazi, ana lalamiko moja: mvua inanyesha, majani yanaota, kisha jua la siku chache linayamaliza. Wa Micheweni kule Pemba naye anasema hivyohivyo. Wengi wanalaumu jiwe, maana maweni ni ardhi ya mawe ya matumbawe. Jiwe lina sehemu yake, lakini cha kupimwa ni ule udongo laini uliojibana baina ya mawe: upo kiasi gani, na unabeba maji ya siku ngapi. Ukishaijua namba hiyo utajua mifugo mingapi eneo litabeba, na litapumzika lini.

Wenye jamaa Oman huenda wameziona picha za Jiddat al-Harasis, tambarare ya jangwa la mawe ya chokaa ambako Waharasisi hulisha ngamia na mbuzi. Kwa macho, kokoto zile na zetu ni ndugu. Ila kule mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100, na sehemu ya unyevu huja kwa ukungu na umande kutoka baharini. Sisi tunapata mvua ya masika na ya vuli, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na bado majani yanakauka kama ya jangwani. Kule ukame unatoka mbinguni; huku unatoka chini.

Vifaa: nondo nyembamba ya mita moja, mtarimbo, jembe, ndoo mbili za lita 20, kopo la lita moja, karatasi ya nailoni, chekeche la tundu la milimita 2, na chupa ya siki. Chekeche la unga lina tundu dogo mno, na wavu wa mbu wa dirishani pia ni mdogo. Ukikosa kabisa, toboa kopo la bati kwa msumari mwembamba.

Hatua ya 1: Tembea na nondo

Usianze kuchimba. Pita eneo lote kwa mstari, na kila baada ya hatua kumi shindilia nondo mpaka ikatae, kisha pima imeingia kiasi gani. Fanya hivyo ardhi ikiwa na unyevu kidogo. Siku ya mvua kubwa nondo inateleza na kukudanganya, na katika kiangazi kikali inagoma hata pasipo na jiwe.

Sikiliza. Ikigonga mwamba mzima, mlio ni mkavu na mkono unaingia ganzi. Ikipita kwenye kokoto inakwaruza na kuyumba. Hapo isogeze kidogo ujaribu tena, maana chini ya kokoto udongo unaweza kuendelea. Utashangaa tofauti: hapa sentimita 5, hatua tatu mbele sentimita 60. Maweni hayana kina kimoja, yana mifuko. Ndiyo maana wakulima wa huku hupanda kunde na mbaazi kwa muo, yaani kijiti cha kuchimbia, shimo moja moja, badala ya kulima matuta.

Angalia na mimea. Ukoka ukitanda bila kukatika, kuna udongo wa kutosha karibu na uso. Penye mdaa na vichaka vigumu peke yake usikate tamaa wala usifurahi: mizizi yake inaingia kwenye nyufa za mwamba kunywa maji ambayo jani la ng'ombe haliyafikii.

Hatua ya 2: Chimba

Chagua sehemu ya wastani, si mfuko mnene kuliko yote. Watu hupenda kuchimba penye udongo mzuri, halafu hesabu nzima inakuwa ya uongo. Chimba shimo la sentimita 40 kwa 40 mpaka ufike mwamba. Kila kinachotoka, udongo na mawe, kiweke juu ya nailoni. Kisipotee hata kidogo.

Kabla ya kuendelea, tazama ukuta wa shimo. Juu mara nyingi ni weusi, kazi ya majani yaliyooza. Chini unaweza kukuta wekundu: ni madini ya chuma yaliyobaki baada ya mvua za maelfu ya miaka kuyeyusha jiwe la matumbawe. Ikiwa weusi umekwisha na wekundu ndio uliobaki usoni, eneo limelishwa au limechomwa kupita kiasi, na udongo wa juu umekwenda. Mimi nikiona hivyo sihangaiki na vipimo vingine. Namwambia mwenye eneo aondoe mifugo kwanza.

Hatua ya 3: Tenganisha jiwe na udongo

Hapa ndipo kazi ilipo. Chekecha kila kitu. Kilichobaki juu ni mawe na kokoto, kilichopita ni udongo. Mabonge ya udongo mkavu yavunje kwa mkono kwanza, usiyahesabu kuwa mawe.

Usipime mawe kwa mizani. Jiwe letu la matumbawe lina vitundu, ni jepesi kuliko kokoto ngumu za mtoni. Ukipima kwa kilo utadhani mawe ni machache kuliko yalivyo. Pima nafasi yanayochukua. Yaloweke usiku kucha ili vitundu vishibe maji, la sivyo yatakunywa maji yako ya kupimia. Asubuhi yachuje, yajaze kwenye ndoo ya lita 20, kisha mimina maji kwa kopo la lita moja huku ukihesabu, mpaka yafike ukingoni. Kama yameingia maji lita 8, mawe yenyewe yamechukua lita 12. Rudia mpaka mawe yote yaishe.

Kisha tandika nailoni ndani ya shimo, lijaze maji usawa wa ardhi, nayo uyahesabu kwa ndoo. Tuseme kina kilikuwa sentimita 25 na shimo limemeza lita 40. Mawe yalikuwa lita 24. Basi asilimia 60 ya ardhi yako ni jiwe, na 40 ndiyo inayolisha.

Hatua ya 4: Fikicha

Chukua udongo uliopita chekecheni, ulowanishe, ufinyange, kisha usukume kwa kidole gumba utoke kama utepe. Usiposhikana kabisa ni mchanga. Ukishika na kukatika upesi ni kichanga chenye udongo kidogo. Utepe wa vidole viwili ni tifutifu. Ukirefuka na kung'aa ni mfinyanzi.

Hatua ya 5: Siki

Dondosha siki kwenye udongo uliochekechwa, si kwenye jiwe, kwani jiwe la matumbawe litachemka tu. Udongo ukitoa mapovu una chokaa nyingi. Katika udongo wa namna hii mmea hupata taabu kufyonza chuma, zinki na fosforasi, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Usinunue chokaa ya kilimo, hata ukishauriwa na muuzaji. Unachohitaji ni samadi.

Jangwani chokaa ina tabia nyingine. Mvua kidogo huiyeyusha, huishusha sentimita kadhaa, kisha jua hulikausha lile tone kabla halijafika mbali, na mwaka baada ya mwaka hujengeka tabaka gumu jeupe ndani ya udongo. Kwetu ule ugumu ulio chini si tabaka la namna hiyo, ni mwamba wa zamani wa bahari. Mtu asikuuzie wazo la kuupasua kwa trekta.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya maji

Kila sentimita ya udongo laini huweka maji ya kutumiwa na mmea kwa makadirio haya: mchanga milimita 0.6, kichanga milimita 1, tifutifu milimita 1.5. Kwa mfano wetu: sentimita 25 mara 0.4 ni sentimita 10 za udongo halisi. Ukiwa tifutifu, mara 1.5, ni milimita 15.

Majani yakiwa kijani chini ya jua kali hutumia kama milimita 4 hadi 5 kwa siku. Kwa hiyo ghala lako ni la siku tatu, nne. Inyeshe milimita 60 usiku mmoja wa masika, utabaki na zile 15. Nyingine zinapita kwenye nyufa kwenda kwenye maji ya mapangoni na visimani. Kwa sababu hiyo usirundike samadi juu ya ufa au karibu na pango, maana utakuja kuinywa.

Hatua ya 7: Amua

Ghala likiwa chini ya milimita 20, usimfunge ng'ombe kamba mahali pamoja zaidi ya siku moja. Mhamishe, na baada ya masika kwisha eneo lipumzike. Mbuzi wanafaa zaidi, kwa kuwa wanakula vichaka, lakini na wao wana kikomo. Kuanzia 20 hadi 50 unaweza kupanda lukina, mti wa majani ya kulishia mifugo, kwenye mifuko uliyoiona kwa nondo. Zaidi ya hapo, kwa kweli, ningepanda chakula cha watu.

Kokoto za juu ziache. Zinazuia jua kukausha udongo na matone kuupiga, kama zinavyozuia upepo jangwani. Wanaozizoa kwa ujenzi, au wanaokata vichaka kwa kuchoma chokaa, wanakuachia mwamba mtupu.

Na shimo lifukie siku hiyohiyo, udongo mwekundu chini, mweusi juu. Ng'ombe haoni shimo penye ukoka.