Baiskeli ya mtumba: anza na fremu na rimu, gia baadaye

Kontena la baiskeli za mtumba likifunguliwa, zinazogombewa kwanza ni zenye rangi kali, gia nyingi na shokapu mbele. Lakini rangi, cheni, waya wa breki, siti na tyubu ni vitu vinavyopatikana kwa fundi yeyote na kubadilishwa asubuhi moja. Fremu iliyopasuka, rimu iliyoliwa au tairi la saizi isiyouzwa hapa kwetu ni hasara isiyozibika. Kwa hiyo ukaguzi uanzie huko, na winga (dalali wa sokoni) asikuharakishe.

Nenda asubuhi, wakati wa mwanga. Beba rula ya chuma ya inchi 12, sumaku ndogo, kitambaa, spana ya 15, alenki (funguo za pembe sita) za 5 na 6, na simu yenye tochi. Kama unataka baiskeli ya kukupeleka Kigamboni au Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, kila Jumamosi, jiulize pia njia zako ni lami au vumbi. Kwenye lami tupu, shokapu ya bei rahisi ni uzito wa bure. Fok (uma unaoshika gurudumu la mbele) ngumu ya chuma itakufaa zaidi, na haina kitu cha kuharibika ndani.

Kimo

Simama katikati ya baiskeli, miguu yote chini, bomba la juu likiwa katikati ya mapaja. Kwa baiskeli ya lami inatosha ibaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kati yako na bomba. Kwa ya njia mbovu, ongeza mpaka 7 au 8. Kisha kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinamia upande. Ukikanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa.

Mwombe muuzaji aipandishe na kuishusha siti mbele yako, usikubali kuambiwa tu kwamba inapanda. Nguzo ya siti ya alumini iliyokaa miaka ndani ya fremu ya chuma, hasa ikiwa imepigwa na hewa ya chumvi, hushikana nayo kama iliyochomelewa. Ikigoma, na kimo chake si chako, achana nayo. Angalia pia alama iliyochongwa kwenye nguzo kuonyesha mwisho wa kuipandisha. Ikionekana nje, nguzo imeingia kidogo mno na inaweza kupasua fremu.

Fremu

Futa vumbi kwanza, kwa sababu ufa hujificha kwenye uchafu. Mulika tochi sehemu nne: pale shingo inapoungana na mabomba mawili ya mbele, juu ya bomba la siti karibu na kikaza, kuzunguka ekseli ya pedali (ile ya kati, inayounganisha mikono ya pedali), na kwenye masikio ya nyuma yanayoshika gurudumu. Pitisha ukucha juu ya kila mstari unaoushuku. Mkwaruzo huwa juu ya rangi na huishia popote. Ufa hunasa ukucha, hufuata ukingo wa weldi, na mara nyingi una kutu au uchafu mweusi unaorudi hata ukiufuta. Rangi iliyojikunja kama ngozi chini ya shingo inaonyesha baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Stika iliyobandikwa juu ya weldi ibandue, au uiache baiskeli yenyewe.

Sumaku itakuambia fremu ni ya nini. Ikishika, ni chuma, na ufa mdogo wa chuma fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuutibu. Isiposhika, karibu kila mara ni alumini. Weldi ya alumini inataka mashine na gesi maalumu, na joto lake hudhoofisha alumini ya pembeni, kwa hiyo ufa hurudi milimita chache kando ya weldi mpya. Alumini yenye ufa usiinunue kwa bei yoyote.

Saizi ya tairi

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa wanaamini neno "inchi 26". Kuna 26 zaidi ya moja, na haziingiliani. Soma maandishi madogo yaliyopigwa muhuri ubavuni mwa tairi, yenye namba mbili na kistari katikati. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, na hiyo ndiyo isiyodanganya.

Baiskeli za milimani za inchi 26 zinaandikwa 559, kwa mfano 50-559. Baiskeli za mjini zinazotoka Japani, zenye kikapu mbele na tairi jembamba la 26 x 1 3/8, zinaandikwa 590. Zote huitwa 26 sokoni, lakini zinatofautiana milimita 31, na hakuna fundi atakayelilazimisha tairi la moja kwenye rimu ya nyingine. Baiskeli kubwa nyeusi za kubebea mizigo, 28 x 1 1/2, ni 635. Zile za 700C na za inchi 29 zote ni 622, tofauti ni upana, kwa hiyo angalia kama tairi litapita kwenye fok bila kukwaruza. Inchi 27.5 ni 584.

Ukishaipata namba ya pili, kabla ya kulipa, tembea mpaka kwa muuza matairi ukamwulize kama analo la kipimo hicho leo, siyo "litakuja". Kama hana, na jirani yake hana, baiskeli hiyo itasimama siku ya kwanza tairi litakapopasuka. Tairi lililopo nalo likunje kwa vidole: nyufa nyingi ndogo ubavuni maana yake mpira umekauka, hata kama kashata (meno ya tairi) bado zimesimama.

Tazama na valvu. Nene kama ya gari hujazwa kwa pampu yoyote ya mjini. Nyembamba ndefu yenye kijinati juu inataka pampu yake au kigeuzi kidogo cha shaba. Ya kizamani yenye kofia ya kuzungusha, inayokuja sana na baiskeli za Japani, ina kijipira ndani ambacho kikichoka upepo hutoka polepole, ukadhani ni pancha.

Rimu, spoki na gololi

Inua gurudumu, lizungushe, tazama nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Likiyumba upande milimita 1 au 2, hiyo ni kazi ya kukaza spoki. Likiruka juu na chini mahali pamoja, rimu imebonyea shimoni na haitarudi sawasawa. Kwenye breki za raba, pitisha kidole ubavuni mwa rimu. Ukikuta pamechimbika kama kijiko, chuma kimekonda, na upepo unaweza kuipasua rimu njiani.

Kisha shika rimu uisukume kushoto na kulia. Ikicheza, koni (nati zinazobana gololi) zimelegea au gololi zimeisha. Kulegea kunakazwa. Ukihisi kukwaruza kama mchanga unapoizungusha ekseli polepole kwa vidole, bakuli la gololi limeshaliwa, na gololi mpya zitadumu kidogo tu humo.

Cheni

Cheni haivutiki kama mpira. Pini zake ndizo zinazoliwa, nafasi kati ya pini zinakua, na cheni nzima inarefuka. Weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja, vuta cheni ikaze, hesabu inchi 12. Kwa cheni isiyochakaa, pini nyingine itakaa sawasawa kwenye 12. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni. Ikizidi kwa 1/8, badilisha cheni pamoja na friwili (gia za nyuma), maana meno yameshajichonga kufuata cheni ndefu. Ukiweka cheni mpya peke yake juu ya meno hayo, itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu, na kuruka kwenyewe hutokea mlimani, ukiwa umesimama juu ya pedali.

Shika mikono ya pedali uitikise kuelekea fremu. Mikono yote ikicheza pamoja, ni gololi za ekseli ya kati. Mmoja ukicheza peke yake, tundu lake la pembe nne limepanuka, na hata ukaze nati vipi, baada ya kilomita chache utalegea tena. Fungua pedali ukague uzi wake. Ya kushoto, yenye herufi L, hufunguliwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa, kinyume na ya kulia. Mafundi wasiolijua hilo huilazimisha, na mkono wa alumini ukipoteza uzi umekwisha.

Breki

Baiskeli za Uingereza na Japani kwa kawaida zina breki ya mbele mkono wa kulia. Za Uholanzi na Ujerumani, kushoto. Jaribu zikiwa zimesimama, kwa sababu ukiminya ya mbele ghafla kwenye mteremko ukidhani ni ya nyuma, utapita juu ya usukani. Kama mkono si uliouzoea, fundi azibadilishe waya siku hiyohiyo.

Baadhi ya baiskeli za Ulaya husimama kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Hizo zina kimkono cha bapa upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, kilichofungwa kwenye fremu kwa bano na skrubu. Bano likikosekana, kimkono huzunguka na breki haipo.

Breki za mafuta, minya kwa nguvu uhesabu mpaka 10. Kishikio kikizama taratibu mpaka kugusa usukani, zinavuja au zina hewa. Za Shimano hutumia mafuta ya madini, baadhi ya nyingine hutumia mafuta ya DOT (kama ya breki za gari), na ukichanganya sili zinaharibika. Kama fundi wako hana mafuta ya aina yako, chukua za waya.

Kuijaribu na kulipa

Minya breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye bakuli la shingo. Likigonga, shingo imelegea. Kisha iendeshe dakika 10, upite kila gia, na kijimlima kimoja ukikanyaga kwa nguvu.

Ukiridhika, igeuze juu chini, usome namba iliyopigwa kwenye chuma chini ya ekseli ya pedali. Iandikwe kwenye risiti pamoja na rangi na jina la baiskeli. Imekwanguliwa? Rudisha baiskeli.

Wiki ya kwanza badilisha raba na waya za breki, tia grisi kwenye nguzo ya siti na kwenye uzi wa pedali, na jaza upepo ndani ya kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kwenye kompresa ya kituo cha mafuta, jaza kwa vipindi vifupi, kwa kuwa tyubu ya baiskeli ni ndogo na hujaa kwa sekunde chache. Baada ya kilomita 50 hivi, kaza tena nati za mikono ya pedali, za magurudumu na ya usukani.