Kuku Anagoma Kuingia Bandani: Soma Tabia Kabla ya Kununua Dawa

Kuku huficha ugonjwa. Katika kundi, aliye dhaifu hudonolewa na kusukumwa mbali na chakula, kwa hiyo anayeumwa hujikaza kadiri anavyoweza. Ukimkuta asubuhi amejikunyata pembeni, mabawa yameshuka na macho yamefumba nusu, huenda hali hiyo ina siku mbili au tatu. Kabla ya hapo mwenendo wake ulikwisha kubadilika: alichelewa kushuka kwenye fito, alidonoa chakula kidogo akaondoka, au alitaga chini ya mgomba badala ya kwenye kiota. Mwenye mitetea 10 au 20 nyuma ya nyumba, iwe Sakina au Njiro mjini Arusha, Pasua au Majengo mjini Moshi, anaweza kuyaona hayo yote kwa macho yake. Mwenye kuku 2,000 hawezi. Inasikitisha kuona nguvu hiyo inaachwa, mtu anakimbilia dukani kununua antibiotiki ya unga kwa tatizo ambalo chanzo chake ni banda.

Kagua mara mbili kwa siku. Asubuhi kabla ya kuwalisha, mshike unayemtilia shaka umpapase gole, kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, mbele ya kifua. Wakati huo linatakiwa kuwa tupu, na jioni liwe limejaa. Gole gumu asubuhi maana yake limeziba, mara nyingi kwa nyasi ndefu au nyuzi za mifuko ya salfeti ambazo kuku humeza kama minyoo. Mnyime chakula kwa saa 12 hadi 24 ila maji yawepo, mdondoshee mafuta ya kula kijiko kimoja cha chai kidogo kidogo pembeni ya mdomo, kisha likande gole taratibu kwa dakika 5, mara tatu au nne kwa siku. Likiwa laini, limejaa maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechachia ndani. Usimning'inize kichwa chini ili atapike, maana maji hayo huingia kwenye njia ya hewa akafia mikononi mwako.

Mabaki ya jikoni yana mchango mkubwa hapa. Makande yaliyolala na machicha ya mbege (pombe ya ndizi) yaliyolowa huchacha upesi. Machicha yaanikwe juani kwanza, na yatolewe kidogo. Maharage makavu yasiyopikwa yana sumu mpaka yachemshwe vizuri. Ganda, kokwa na majani ya parachichi navyo vina sumu inayodhuru ndege, na kwa jinsi maparachichi yalivyo mengi kwenye mashamba ya Meru na Kilimanjaro, ni rahisi mtu kuyamwaga bandani bila kufikiri. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape kabisa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, huumiza ini na kudhoofisha kinga, hata chanjo isishike sawasawa.

Wanapogoma kulala ndani

Kuku waliozoea banda wakianza kulala juu ya mti au kwenye paa la jiko, watu husema wamekuwa wakorofi. Chukua tochi saa tatu usiku, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia na kwenye maungio ya mbao. Kikitoka na madoa mekundu, umepata jibu: ni utitiri. Wadudu hawa hujificha kwenye nyufa mchana na kutoka usiku kunyonya damu, ndiyo maana ukimkagua kuku mchana humwoni hata mmoja. Kilemba hupauka, utagaji hushuka, na anayeatamia huacha mayai.

Kumpaka kuku dawa peke yake hakusaidii kitu, kwa sababu wadudu wanaishi kwenye banda. Toa fito na viota vyote nje, ondoa maranda uyachome, mwagia nyufa maji yanayochemka, kisha nyunyiza dawa ya wadudu iliyoandikwa kwenye lebo kuwa ni ya mabanda ya kuku. Ziba nyufa kwa udongo au saruji. Rudia baada ya siku 7, maana mayai ya utitiri yaliyonusurika yatakuwa yameanguliwa. Kuliacha banda tupu wiki mbili hakutoshi. Utitiri huishi miezi kadhaa bila kunyonya. Njia moja nzuri ni fito zisiguse ukuta, na nguzo zake zisimame ndani ya makopo yenye oili chafu kidogo, ili wadudu wasiweze kupanda.

Viroboto ni tofauti. Hao hung'ang'ania kuzunguka macho na kwenye kilemba kama punje nyeusi. Paka vaselini juu yao wakose hewa, ukiangalia isiingie machoni, halafu fagia sakafu na uwanja, kwani viluwiluwi vyao hukulia kwenye vumbi. Miguu yenye magamba yaliyoinuka ina utitiri wa aina nyingine: iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, isugue kwa mswaki wa zamani, paka vaselini kila baada ya siku 3 kwa wiki tatu. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Na tafadhali sana, dawa ya kuogeshea ng'ombe isimwagwe juu ya kuku. Wengi wamekufa kwa namna hiyo.

Waachie pia sehemu ya kuoga vumbi: boksi la sentimita 60 kwa 60 lenye mchanga mkavu na majivu ya kuni, chini ya paa ili mvua ya masika isilifikie.

Kudonoana

Tatizo hili ndilo linaloharibu makundi mengi, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Huanza kwa kunyofoana manyoya ya mgongoni na juu ya mkia. Damu ikionekana, kundi zima hufuata, kwa kuwa rangi nyekundu huwavuta. Ndani ya siku moja kuku anaweza kutolewa utumbo.

Anza na aliyejeruhiwa. Mtoe mara moja umweke kwenye tenga peke yake. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha paka iodini. Asirudi mpaka kidonda kikauke na manyoya yaanze kuota. Kisha mtafute anayeanzisha. Mara nyingi ni mmoja au wawili tu. Mtenge siku 4 au 5, mahali ambapo hawaoni wenzake. Akirudi atakuta nafasi yake ya ubabe imekwenda.

Sasa pima banda. Kila mita moja ya mraba ibebe kuku 4 hadi 5, yaani banda la mita 2 kwa 2 lisizidi kuku 20, na kama hawatoki nje waweke 16. Kila mmoja apate sentimita 20 za fito na sentimita 10 za chombo cha chakula. Kiota kimoja kitoshe mitetea 5. Ukiwa na vyombo viwili vya chakula, viweke mbali, maana mbabe mmoja hulinda chombo kimoja tu.

Nafasi ikiwa sawa, angalia chakula. Wanaochanganya wenyewe mara nyingi hutegemea pumba za mahindi peke yake, na kuku anayekosa protini au chumvi huitafuta kwenye manyoya na damu ya mwenzake. Mchanganyiko wa kilo 50 kwa mitetea inayotaga unaweza kuwa hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 20, pumba za mahindi kilo 10, mashudu ya alizeti kilo 10, dagaa waliosagwa kilo 5, chokaa ya mifugo kilo 4 na nusu, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa mayai kwa kipimo cha pakiti, na chumvi gramu 150. Onja dagaa kwanza. Wakiwa na chumvi kali, usiongeze nyingine, maana ikizidi huua. Chumvi na premiksi zichanganywe na kilo 2 za pumba kabla ya kuingizwa kwenye rundo, zisikae sehemu moja. Mtetea mmoja hula gramu 110 hadi 130 kwa siku na kunywa maji mara mbili ya hapo.

Wanaokaa ndani wape kazi. Funga fungu la sukuma wiki au mchicha kwa kamba, juu kidogo ya vichwa vyao, waruke na kulirarua. Kukata midomo kuwe hatua ya mwisho kabisa, na kufanywe na mtaalamu, kwani mdomo uliokatwa vibaya humzuia kuku kula na sababu ya kudonoana hubaki palepale.

Mayai: kuyala, kuyakalia, kukwama

Kula mayai huanza na yai lililovunjika lenyewe, kwa sababu ganda ni jembamba au kiota hakina matandiko. Kuku akishaonja, hujifunza kulitoboa. Okota mayai mara tatu kwa siku, weka maranda sentimita 5 kwenye kiota, ning'iniza kipande cha gunia mlangoni pawe na giza, na uache yai bandia la mbao humo. Chokaa au maganda ya konokono yakae kwenye kopo lake, kila mmoja ajichukulie. Maganda ya mayai yachomwe na kusagwa kabisa kabla ya kurudishwa.

Mtetea anayeatamia bila mayai haumwi. Kumchovya majini humpa baridi tu, hasa mwezi wa Julai. Mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya waya iliyoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo, akiwa na chakula na maji. Siku 3 au 4 zinatosha.

Anayesimama wima mkia umeshuka, anakakamua na kwenda mara kwa mara kiotani bila kutaga, huenda yai limekwama. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni kwa dakika 20, mpake mafuta ya kula kwenye njia ya kutagia, mweke penye giza na joto. Usilivunje yai likiwa ndani. Likipitisha siku nzima, mwite daktari wa mifugo.

Baridi na hewa

Kuanzia Juni hadi Agosti, Arusha hasa, wafugaji huziba banda lote kwa magunia. Wanafikiri wanawakinga kuku na mafua, kumbe wanayaleta. Kinyesi kilicholowa hutoa amonia, nayo huunguza macho na njia ya hewa, ugonjwa ukapata mlango. Chuchumaa mpaka kimo cha kuku, uvute pumzi. Ukisikia macho yanawasha, banda limefungwa kupita kiasi. Ziba chini mpaka juu kidogo ya fito, acha uwazi wa sentimita 20 hadi 30 chini ya paa.

Uso uliovimba na makamasi yanayonuka ni dalili za mafua makali. Mtenge, umwone afisa mifugo akuandikie dawa, na uulize siku ambazo mayai hayataliwa. Kuku kadhaa wakifa kwa pamoja, kuhara kijani, shingo kupinda, shuku kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Hakina tiba. Chanjo yake iitwayo I-2 hutolewa tone moja kwenye jicho moja, kila miezi 3, kwa kuku wasioumwa tu. Kuku aliyenunuliwa soko la Tengeru au Kiboriloni atengwe siku 14 kabla ya kuchanganywa, na waliougua wasipelekwe sokoni.

Akifa na hujui sababu, mpe afisa mifugo taarifa, na mzoga upelekwe siku hiyohiyo kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kilichopo Arusha. Mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, weka barafu nje ya mifuko, usimgandishe. Andika umri wake, chanjo alizopata na tarehe zake, alichokula siku tatu za mwisho, na wangapi wengine wameanza kujikunyata.