Baridi ya Viazi Si Kuvu, Angalia Dawa Unayopiga

Mvua ikishika Molo na Kuresoi, na ukungu ukakaa hadi saa nne asubuhi, mkulima wa viazi vya Shangi anajua kinachokuja, ugonjwa wa baridi (late blight): madoa meusi majimaji kwenye majani, utando mweupe upande wa chini, na wiki haiishi kabla shamba halijaonekana kama limechomwa moto. Anakimbia agroveti, anaomba dawa ya kuvu, anapiga, na viazi vinazidi kufa. Anarudi akilalamika ameuziwa dawa feki. Huenda dawa ilikuwa nzuri tu, ila ya ugonjwa mwingine.

Viazi vilipooza Ayalandi mwaka 1845, baadhi ya wataalamu waliona nyuzi nyeupe, wakasema ni kuvu kwa sababu zilifanana na kuvu. Mwaka 1876 mtaalamu wa mimea Anton de Bary akakiita kimelea hicho Phytophthora, yaani mharibifu wa mimea. Hata mimi nilisomeshwa kwamba ni kuvu. Lakini kuta za seli zake zina selulosi, si kitini (chitin) kama za kuvu, na vinasaba viliposomwa ilibainika kwamba jamaa zake ni mwani wa kahawia wa baharini. Jina likabaki, ukoo ukabadilishwa.

Ukoo huo ndio unaoamua cha kutia kwenye pampu. Dawa za triazoli huua kuvu kwa kuizuia kutengeneza ergosteroli, mafuta ambayo baridi haiyatengenezi kabisa. Karbendazimu, dawa nyingine ya kuvu, nayo haiishiki baridi. Metalaksili huishika baridi, lakini kwa kuvu halisi haifui dafu. Kwa hiyo soma kiambato kwenye kibandiko, si rangi ya pakiti, na ubadilishe viambato msimu ukiendelea. Metalaksili ikipigwa peke yake mara kwa mara huzoeleka.

Tena mbegu (spora) za baridi zina mikia, huogelea kwenye matone ya maji. Panda kwa nafasi upepo upite, inua udongo vizuri kwenye mashina ili maji ya mvua yasizishushe hadi kwenye viazi, na ung'oe viazi vilivyojiotea vya msimu jana.

Nyanya nazo ziweke mbali. Kwa muda mrefu wataalamu walizitenga na viazi wakazipa jenasi yao. Vinasaba vimezirudisha Solanum, jenasi ya viazi, alikoziweka mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753. Baridi yenyewe ilikuwa ikizila zote mbili muda wote huo.