Mitufaha ya kihambani: kuvua majani ili mti uchanue

Shemeji yangu wa Marangu alinipigia simu kipupwe hiki. Kihambani kwake, yaani kwenye shamba la nyumbani la Kichaga, ana mitufaha miwili ya miaka minne, majani yanang'aa, tunda halijaonekana hata moja. Nilipanda kule na mkasi wangu, na tulichofanya ndicho hiki.

Maelezo haya ni ya watu wa juu Kilimanjaro: Marangu, Machame, Kibosho, au kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wewe wa Moshi mjini, kwenye mita 800 na kitu, panda maembe upumzike.

1. Miche. Mbegu ya tufaha la dukani itakupa mti, ila si lile tunda ulilokula. Tafuta miche iliyobebeshwa (iliyoungwa kikonyo cha aina nzuri juu ya shina jingine), ya aina zinazoridhika na baridi kidogo: Anna na Dorsett Golden. Chukua zote mbili, kwa sababu Anna huzaa vizuri ikipata chavua ya mwenzake.

2. Shimo. Futi mbili kwa mbili, debe la samadi iliyooza. Hili unalijua.

3. Jua. Mkahawa huvumilia kivuli cha mringaringa na migomba, mtufaha hapana. Upande pembeni mwa kihamba, jua liupate tangu asubuhi.

4. Kulaza matawi. Mwaka wa pili, tawi likiwa bado laini, livute taratibu kwa kamba ya katani uifunge kwenye kigingi. Tawi lililosimama wima hukimbilia juu tu, lililolazwa hutoa macho ya maua, yaani vichipukizi vinavyofumuka kuwa maua. Usitumie waya, unakata gamba.

5. Kuvua majani. Hapa ndipo wengi wanakwama, na mimi nilipoteza msimu mzima.

Kwenye nchi za baridi kali mtufaha hupukutisha majani wenyewe, unalala, kisha joto likirudi unachanua kwa pamoja. Kwetu baridi haitoshi. Mti unabaki macho mwaka mzima: ua moja leo, jingine mwezi ujao, au hakuna kabisa. Kwa hiyo unauvua majani wewe. Wakulima wa Batu, kule Java nchini Indonesia, hufanya hivyo na kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Mara ya kwanza nilishika tawi nikashusha kiganja kwa nguvu, kama mtu anayepukuchua mahindi. Majani yalitoka, ndiyo, lakini kila jani lilichuna na uzi wa gamba, na jicho likaondoka nalo. Angalia kwa karibu: jicho limekaa kwenye kwapa la jani, pale kikonyo kinapokutana na tawi. Sasa nakata jani kwa mkasi na kuacha kikonyo. Baada ya siku chache kinadondoka chenyewe, jicho likiwa zima. Ni kazi ya nusu siku kwa mti mmoja, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini. Panga liache jikoni kwa mama.

Mengine ya kuzingatia:
- Mti usiotimiza miaka miwili usiuguse.
- Majani yawe yamekomaa, na kama mti umezaa, subiri kama mwezi baada ya kuvuna.
- Vua mwezi wa saba. Ukivua karibu na masika, maua yatakutana na mvua, ukungu utaingia na nyuki hawatatoka.
- Punguza maji wiki chache kabla, ukishamaliza kuvua mwagilia ya kutosha.
- Vua miti yote miwili kwa pamoja. Shemeji alitaka mmoja ubaki "tuone tofauti". Nikamwambia, shemeji, huu ukichanua mwenzake amelala, chavua itatoka wapi?

Macho huanza kufumuka baada ya wiki tatu hivi. Kabla ya hapo mti utaonekana umekufa na majirani watakupa pole.

6. Kupunguza. Vitunda vikifika ukubwa wa gololi, acha kimoja kwa kila kichala. Inauma, lakini fanya. Kisha funika na wavu, ndege hawana subira.

7. Stroberi. Nafasi iliyobaki kandokando, mbali kidogo na shina, panda stroberi. Moyo wa mche ukae usawa wa udongo, ukiufukia unaoza. Tandaza nyasi kavu tunda lisilale kwenye tope, na asubuhi pita uokote konokono.