Unapanda ndege kuja Arusha? Angalia kwanza ni KIA au Kisongo

Arusha watu wanaihesabia viwanja viwili vya ndege na hapo ndo wengi wanapochanganyikiwa, hasa wanaotoka Dar au Zanzibar kwa mara ya kwanza, maana ukiandika Arusha kwenye simu inakuletea vyote na wewe unaangalia bei tu unabonyeza. Sasa usianze na bei, anza na zile herufi tatu za uwanja zinazoandikwa kwenye tiketi. ARK ni uwanja wa Arusha wenyewe, wengi tunauita Kisongo, uko barabara ya Dodoma kama kilomita 10 hivi kutoka mjini kati. JRO ni KIA, yaani Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ule mkubwa, na huo wala hauko mkoa wa Arusha, uko wilaya ya Hai, Kilimanjaro, karibu kilomita 50 kutoka Arusha mjini. Kwa hiyo tiketi ya KIA iliyopungua kidogo inaweza kumezwa yote na taksi, na hapo bado hujahesabu muda.

Na usijione mshamba ukichanganya. Tarehe 18 Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kuja KIA ilishuka Kisongo! Ndege ya abiria zaidi ya mia mbili imetua kwenye uwanja wa vindege vya mbuga, ikafika mwisho wa lami, matairi yakaingia kwenye majani ikanasa. Abiria wakakaa ndani masaa kadhaa kwa sababu Kisongo hakukuwa na ngazi ya kufika mlango wa ndege ulioko juu namna ile. Baadaye ikabidi ipunguzwe uzito ndo iweze kuruka kwenda KIA. Ukiangalia ramani unaelewa kidogo, njia za kurukia za viwanja vyote viwili zimelazwa mashariki magharibi na zote zina namba ileile, 09/27.

Tofauti yake sasa ni urefu. KIA njia ina mita 3,600, imejengwa tangu mwanzo kwa ajili ya ndege kubwa za watalii, uwanja ulifunguliwa 1971. Kisongo ilikuwa mita 1,620 mpaka waliporefusha ikafika 1,840. Halafu Kisongo iko juu, kama mita 1,390 kutoka usawa wa bahari wakati KIA iko chini ya 900, na ukiwa juu hewa inakuwa nyepesi, ndege inataka kukimbia zaidi kabla haijanyanyuka, jua la mchana likiwaka ndo inazidi. Ndo maana Kisongo utaona ndege za pangaboi tu, ATR ya injini mbili, Caravan ndogo ya injini moja na wenzake, hutaona Airbus. Hii siyo habari ya kujifurahisha, inakugusa wewe moja kwa moja kwenye mzigo, nitafika hapo.

Uchague upi? Kama unakwenda Serengeti, Manyara, Ndutu au Kogatende kwa ndege, karibu zote zinaanzia Kisongo. Kama shughuli yako iko Arusha mjini, Ngaramtoni, Monduli au Karatu, Kisongo inakuokoa barabara nzima ya Moshi. Kama unatoka nje ya nchi, au unakwenda Moshi, Boma Ng'ombe, Usa River, au ndege yako ni ya usiku, ni KIA. Kisongo kwa miaka mingi imekuwa uwanja wa mchana kwa kukosa taa za njia ya kurukia, maboresho yanaendelea na kelele zimeongezeka kwa ajili ya AFCON 2027 ambayo Arusha ni moja ya miji ya mechi, ila kabla hujapanga safari ya jioni uliza shirika lako wanaruka mwisho saa ngapi. Na ndege ya jioni iliyochelewa Dar ni ndege ya kuogopa, giza likiwahi rubani anaenda KIA na wewe ndugu yako anakusubiri Kisongo.

Mzigo. Hapa soma vizuri. Kwenye ATR unapewa kilo za kawaida kama zilivyoandikwa kwenye tiketi. Kwenye Caravan za mbugani wengi wanakupa kilo 15 tu pamoja na begi la mkononi, na wanataka begi laini la kitambaa, siyo lile sanduku gumu la matairi. Sababu ni kwamba mizigo inasukumwa kwenye boksi lililoko chini ya tumbo la ndege, mlango wake mwembamba, begi laini linakunjwa linaingia na sanduku gumu linabaki chini kwenye lami linakuangalia. Pima nyumbani, hata kwa mizani ya jirani ya kupimia mahindi, na ukizidi piga simu mapema ununue kilo za ziada kama nafasi ipo, maana ukifika pale asubuhi ndege imejaa hata uwe na hela hazikusaidii, uzito ni uzito. Wengine wanakuuliza na kilo zako wewe mwenyewe, jibu ukweli tu ndugu yangu, rubani anapiga hesabu na hizo namba. Kama una sanduku kubwa liache hotelini au ofisi ya kampuni iliyokuandalia safari, hiyo ni kawaida kabisa hapa mjini.

Siku ya safari Kisongo fika saa moja na nusu kabla. Uwanja mdogo lakini asubuhi kati ya saa moja na saa nne unafurika, ndege za mbuga zote zinataka kuondoka muda huohuo, magari ya watalii yamepanga foleni na wapiga picha wamesimama katikati. Ukimaliza kukagua mzigo unasubiri, kuna sehemu za kahawa na vinyago, bei zake za kitalii kwa hiyo kunywa chai kabla hujafika. Boarding pass isikushangaze ikiwa kadi ya plastiki ambayo unairudisha mlangoni. Kaa karibu na usikilize, kwenye ndege ndogo mara nyingi mtu anakuja tu anaita jina la sehemu, "Seronera! Seronera!" (ni kiwanja cha katikati ya Serengeti), unanyanyuka unatembea kwa miguu mpaka ndegeni.

Na ukishapanda jua kwamba Caravan inapita vituo kama daladala. Inaweza kutua Manyara kwanza, rubani anageuka na kutaja ni wapi, kama siyo kwako usifungue mkanda ukafuata wenzako. Ikizunguka juu ya uwanja wa vumbi bila kutua usianze kusali, inawezekana kuna nyumbu au swala njiani na anawafukuza kwanza.

Ukishukia KIA kazi yako ni barabara. Terminal iko kama kilomita 6 ndani kutoka barabara kuu ya Arusha Moshi. Taksi za pale zina bei za kupangwa kwa hiyo uliza kabla mzigo haujaingia kwenye buti. Mwenye bajeti ndogo na begi moja achukue boda mpaka njia panda ya KIA kwenye lami kuu, hapo akamate kosta, upande mmoja Moshi mwingine Arusha. Mchana tu lakini, usiku usijaribu pale njia panda na masanduku. Kwenda Arusha weka saa moja na zaidi, siyo mbali kivile ila ni vijiji mfululizo, King'ori, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, kila kimoja na kibao chake cha 50 na trafiki wa tochi chini ya mti. Kuanzia Tengeru barabara inakuwa njia nne na unapumua.

Kwa wanaotoka nje, kadi ya njano iwe mkononi kama unatoka au umepitia nchi yenye homa ya manjano, na mifuko ya plastiki iache huko huko, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Siti nayo usiipuuze. Ukitoka Dar omba dirisha la kulia, mlima unakuja upande huo, ukirudi kushoto. Asubuhi ndo unaonekana, mchana mawingu yanaufunika.

La mwisho kwa wanaounganisha, mfano umeshuka KIA na ndege ya Serengeti iko Kisongo. Hao siyo majirani, ni kuvuka Arusha yote. Acha angalau masaa manne kati ya ndege na ndege, tena kama ya kwanza inatoka nje ya nchi ni bora ulale Arusha uondoke asubuhi. Mwambie dereva aingie baipasi pale Usa River, inazunguka mji kusini, ukipita katikati ya mji saa ya foleni Caravan utaisikia tu ikipita juu ya kichwa chako ukiwa bado Mbauda, hapo hapo mjini.