Tamasha la pistachio la Bronte, Sisilia: jinsi ya kufika, kula na kununua bila kuuziwa rangi ya kijani

Bronte ni mji wa zamani wa kisiwa cha Sisilia, Italia, uliokaa kwenye mteremko wa magharibi wa Mlima Etna, mita 760 hivi juu ya bahari, na mawe meusi ya volkano utayaona kila upande. Kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Septemba na Oktoba, barabara kuu ya Corso Umberto hufungwa kwa magari wikendi na kujaa vibanda vya Sagra del Pistacchio. Kiingilio hakuna. Pistachio ni kokwa ya kijani ya ukoo wa korosho. Kila kinacholika pale ni cha kijani, na hapo ndipo shida inapoanza: si kila cha kijani kina pistachio, na si kila pistachio inayouzwa Bronte imeota Bronte. Mwongozo huu ni wa anayetaka kurudi nyumbani na kitu chenyewe.

Hatua ya 1: Chagua mwaka, kisha wikendi

Mambo ya viza ya Schengen na ndege mpaka Catania, jiji lenye uwanja wa ndege wa karibu, nayaruka. Muhimu zaidi ni mwaka. Mpistachio huzaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, na wakulima wa Bronte huvuna miaka ya witiri: 2023, 2025, 2027. Mwaka wa shufwa huondoa machipukizi kwa mkono ili mti ujikusanyie nguvu. Mavuno huwa mwishoni mwa Agosti na Septemba, kwa hiyo tamasha la mwaka wa witiri linakukuta na pistachio ya wiki chache tu. La mwaka wa shufwa lipo vilevile, ila unachonunua kimekaa ghalani mwaka mzima. Kama kimetunzwa vizuri hakina ubaya, lakini usilipie bei ya mavuno mapya.

Tarehe hutangazwa na manispaa, Comune di Bronte, na hubadilika mwaka hadi mwaka. Usikate tiketi kwa kufuata tarehe za mwaka jana. Ukiwa na hiari, nenda Ijumaa alasiri au Jumamosi asubuhi. Jumapili kuanzia saa tano ni kusukumana tu, na muuzaji aliyezidiwa hana muda wa kukujibu maswali.

Hatua ya 2: Kufika

Kuna treni ndogo ya Ferrovia Circumetnea, FCE kwa kifupi, inayozunguka Etna kutoka Catania hadi Riposto kwenye reli nyembamba ya milimita 950. Inapita katikati ya mashamba ya pistachio na lava, na ina kituo Bronte kwenyewe. Ni safari nzuri kuliko basi lolote. Tatizo ni moja: haitembei Jumapili wala sikukuu. Tamasha ni la wikendi, kwa hiyo msafiri anayekwenda Jumamosi kwa treni akapanga kurudi Jumapili kwa treni hiyohiyo atakuta kituo kimefungwa, hakuna mtu wa kuuliza. Ramani za kwenye simu mara nyingine huonyesha njia ya reli bila kujali siku. Fungua ratiba ya FCE yenyewe, angalia mstari wa "feriale", maana yake siku za kazi pamoja na Jumamosi, na "festivo", yaani Jumapili na sikukuu. Kama safu ya festivo haina kitu, ndivyo ilivyo, haikusahauliwa.

Hata Jumamosi, usiitegemee treni kurudi usiku. Muziki na umati huchelewa, treni haichelewi.

Jambo la pili linalopoteza saa nzima: Catania ina vituo viwili tofauti. Kile kikubwa, Stazione Centrale, ni cha Trenitalia, shirika la reli la taifa, na tiketi yake haikufikishi Bronte. Kutoka uwanja wa ndege panda basi la Alibus mpaka Stazione Centrale, vuka hadi kituo cha metro cha Giovanni XXIII, teremka Borgo. Hicho ndicho kituo cha pili, cha FCE, na ofisi zake ziko hapo. Kipande cha Catania hadi Paternò kimekuwa na ujenzi wa kupanua metro, na pakiwa na ujenzi abiria hupelekwa kwa basi kisha wakapanda treni mbele. Muulize muuza tiketi basi linaanzia wapi hasa, maana si lazima liwe mbele ya reli. Ongeza saa moja kwenye hesabu yako.

Kama siku yako ni Jumapili tu, kodi gari. Usipoteze muda kutafuta ujanja mwingine. Mwenye leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda awe pia na kibali cha kimataifa cha udereva, na akumbuke kwamba Italia wanaendesha upande wa kulia. Wa Kongo, Rwanda na Burundi hawana kazi ya kuzoea. Agiza mapema gari la otomatiki, "cambio automatico", kwa sababu magari mengi ya kukodi huko ni ya gia za mkono, na kubadilisha gia kwa mkono wa kulia kwenye mwinuko wa kijijini, na foleni nyuma yako, si mahali pa kujifunzia.

Kutoka Catania unafuata barabara ya SS121 mpaka Paternò, kisha SS284 kupitia Adrano. Hii ya pili ni ya njia moja kwenda, moja kurudi, na siku ya tamasha hujaa kwa sababu karibu kila mtu anatoka upande huo. Ukilala Taormina au popote pwani ya mashariki, ingia kwa kaskazini: barabara ya kasi ya A18, toka Fiumefreddo, fuata SS120 kupitia Linguaglossa mpaka Randazzo, halafu shuka SS284. Mimi naona hata wa Catania wangefaidika kulala Randazzo usiku wa kuamkia. Vyumba vya Bronte kwenyewe huisha mapema na bei hupanda.

Maegesho: mistari myeupe ni bure, ya buluu ya kulipia, ya njano si yako. Usijaribu kuingia mjini na gari. Liache nje, panda basi dogo la tamasha kama lipo (tafuta bango la "navetta") au tembea. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, kwa kuwa mawe ya lava yakilowa huteleza, na beba koti. Usiku wa Oktoba mlimani si wa Catania.

Hatua ya 3: Kula

Kwanza onyo. Pistachio, korosho na embe ni ukoo mmoja wa mimea, na mwili unaoikataa korosho mara nyingi huikataa na pistachio. Anayevimba midomo kwa korosho asile chochote Corso Umberto, hata aiskrimu ya ladha nyingine, maana kijiko ni kilekile.

Anza na vya chumvi. Arancino, donge la wali lililokaangwa, la pistachio huwa na sosi ya maziwa na jibini ndani, na mara nyingi kipande cha mortadella au speck, vyote nguruwe. Soseji ya pistachio ni nguruwe mtupu. Anayekwepa nguruwe aulize, "C'è maiale?", na akichukua pasta ya pesto (sosi ya kusagwa) ya pistachio ahakikishe haina "pancetta" wala "speck". Linalowapita wengi ni cannoli, vitamu vya ganda la kukaanga lililojazwa krimu: ganda lake kwa desturi huchanganywa na mafuta ya nguruwe, "strutto", na divai ya Marsala, na wengine hulikaangia strutto hiyohiyo. Uliza "senza strutto?" Filletta, keki laini na nyepesi ya Bronte, ina maswali machache. Aliyechota Kiitaliano cha ufukweni Malindi au Watamu atakitumia vizuri hapa.

Aiskrimu ichague kwa macho. Ya kweli ina kijani kilichofifia chenye ukahawia, kama zeituni. Ile inayong'aa kama shati la mpira ipite.

Hatua ya 4: Kununua

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Miti ya Bronte hupandikizwa juu ya mti wa mwituni unaoota kwenye nyufa za lava, mahali trekta halifiki; mtu huvuna kwa mkono akiruka jiwe hadi jiwe, na huvuna mara moja kwa miaka miwili. Kwa hiyo bei ni ya juu na mzigo ni mchache, nao mchache huo hauwezi kujaza kila mtungi wa krimu unaouona barabarani.

Jina linalolindwa ni Pistacchio Verde di Bronte DOP; DOP ni alama ya asili inayolindwa kisheria. Lazima uone maneno yote pamoja na muhuri wa duara, mwekundu na njano, wa Umoja wa Ulaya. Linahusu pistachio iliyoota Bronte, Adrano na Biancavilla, mita 400 hadi 900 juu ya bahari, nayo huuzwa ikiwa na ganda, imebanguliwa au imemenywa. "Prodotto a Bronte" inakwambia kiwanda kiko wapi tu. Kokwa inaweza kuwa ya Iran, Uturuki au Marekani, na hakuna sheria iliyovunjwa. Picha ya Etna kwenye kifuniko haina maana yoyote.

Krimu, kama ina kitu chenyewe, huandikwa "con Pistacchio Verde di Bronte DOP". Geuza mtungi usome "ingredienti". Viambato hupangwa kwa uzito, na kilichotajwa kwenye jina lazima kiwe na asilimia yake. Kama sukari ndiyo ya kwanza, mafuta ya pili, na pistachio inafuata kwa asilimia 15, umeshika sukari. Chini ya 30 mimi siigusi. Tafuta pia "E141", "clorofillina", "spinaci" au "curcuma": hizo ni rangi, na pistachio nzuri haihitaji kupakwa. Kama unapika nyumbani, acha krimu kabisa, nunua "pasta pura" ya pistachio asilimia 100, ukaongeze sukari yako mwenyewe.

Bora kuliko vyote ni kokwa zilizobanguliwa, "sgusciato", bado na ngozi yake, kwenye mfuko uliofyonzwa hewa. Hizo ni vigumu kuzighushi mbele ya mtu anayejua kuangalia. Ya Bronte ni nyembamba na ndefu, ngozi ina zambarau, na ukiikata katikati kijani kinaingia mpaka ndani. Ile ya bei rahisi huwa nene, ya mviringo, na ndani ni ya njano. Onja moja: haina chumvi, haijachomwa, ina mafuta na harufu kidogo ya utomvu wa mti. Muuzaji anayekataa kukuonjesha kokwa moja usimbembeleze. Muulize pia mwaka wa mavuno, "Di che raccolto è?" Anayejua biashara yake anajibu hapohapo.

Unga na "granella", yaani iliyokatwakatwa, nunua kwa tahadhari. Ikishasagwa huwezi kuona umbo wala ngozi, na pia huchacha haraka. Ni afadhali usage mwenyewe.

Kiasi? Gramu 250 za kokwa zinatosha pesto ya watu kumi. Chemsha kokwa dakika moja hadi mbili, zimwage maji, zisugue kwenye kitambaa ngozi itoke. Kila gramu 100 saga na mililita 60 hivi za mafuta ya zeituni na chumvi kidogo, bila kitunguu saumu. Zima moto kwanza ndipo uchanganye na pasta na maji yake kidogo, kwani joto la jiko hugeuza kijani kuwa kahawia.

Hatua ya 5: Kusafirisha

Krimu na pesto huhesabiwa kama kimiminika. Mtungi wa kawaida wa gramu 190 unazidi mililita 100, kwa hiyo uingie kwenye begi la mzigo, ndani ya mfuko wa plastiki, katikati ya nguo. Kokwa ziende nawe mkononi. Usifungue mfuko wala kuondoa lebo kabla ya kufika, afisa wa mpakani atataka kujua ni nini. Soseji na jibini viache hukohuko.

Ukiishi pwani, Mombasa au Dar, kabati halifai kuhifadhia kokwa. Unyevu na joto huzichachisha. Zigawe kwenye vifurushi vidogo vilivyobanwa, uzitie kwenye friza, utoe kifurushi kimoja kimoja.