SOMO: Boti ya tanga ikiwa nchi kavu, anza na matundu, rangi iwe ya mwisho

Wakuu salaam. Kusi ishakaza, wenye boti za tanga wanaanza kuzipandisha, na kila mwaka ni yaleyale, mtu anafika yadi na makopo ya rangi mkononi, vijana wanakwangua, wanapaka, boti inarudi majini inang'aa kama bibi harusi, halafu baada ya wiki kadhaa pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti) haipumziki usiku wala mchana. Rangi haijawahi kuzamisha boti ya mtu. Kinachozamisha ni klipu ya mpira au valvu iliyooza, na hivyo ndivyo watu wanavyoviruka.

Somo hili ni la boti za faiba zenye mkuku mzito (ule uti wa chini ya boti), futi 30 mpaka 45 hivi, zile mtu analala ndani anaenda Pemba, Mafia, Komoro. Mashua ya mbao ina mambo yake, nitaigusa kwenye maswali.

Hatua ya kwanza: kupanda, na kujua utashukaje

Penye kreni ya mikanda lipa, panda, basi. Huku kwetu Tanga sehemu nyingi kreni yetu ni bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), unaleta trela maji yakiwa yamejaa, boti inakaa juu yake, trekta inavuta. Bamvua la nguvu linakuja siku moja mbili baada ya mwezi mpya au mwezi mpevu na tofauti ya kupwa na kujaa inavuka mita 3, maji mafu (yanapojaa kidogo tu) hayakufikishi popote. Sasa sikiliza hapa. Bamvua hazilingani. Makubwa zaidi ya mwaka yanaangukia karibu na Machi na Septemba, ya Juni ni madogo. Mtu anapanda na bamvua la Machi, boti inafika juu kabisa ya ufukwe, anamaliza kazi Juni anasubiri maji yamfuate na maji hayaji. Kwa hiyo kabla hujapanda fungua jedwali la maji, tafuta tarehe ya kushuka, hakikisha kimo chake kinalingana na cha kupandia au kinazidi. Kazi yote ipange kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo.

Matanga yavuliwe yote, hasa la mbele lile la kujiviringisha, maana upepo wa kusi ukilifungua boti ikiwa juu ya jeki utalia. Maji ya tanki mwaga.

Hatua ya pili: kuisimamisha

Uzito wote uko kwenye mkuku, juu ya magogo. Jeki za pembeni kazi yake ni kuzuia isilale, hazibebi. Ukiona faiba imebonyea pale jeki ilipogusa ujue inabeba, irekebishwe saa hiyo. Jeki mbili zinazotazamana zifungwe kwa mnyororo unaopita chini ya boti, zisiteleze kwenda nje. Chini ya miguu yake weka vipande vya plaiwudi nzito, mvua ikipiga mchanga unalainika na mguu mmoja ukizama boti nzima inakwenda. Na kijana wa rangi asihamishe jeki ili apake mahali ilipogusa, hiyo ni kazi ya yadi peke yake.

Hatua ya tatu: osha saa ileile

Usiende kunywa chai. Mashine ya presha na kwanguo, boti ikiwa bado mbichi. Chaza akishakauka juani utamtoa kwa patasi na gelikoti (ngozi ya nje ya faiba) atatoka nayo.

Hatua ya nne: matundu (hapa ndipo pesa yako ikae)

Ingia ndani na tochi, hesabu kila tundu linalopita kwenye faiba: maji ya injini, choo kuingia na kutoka, sinki, mifereji ya sitaha. Chora kwenye karatasi. Kila moja lina valvu, na kila valvu unaifanyia hivi.

Fungua na kufunga mara kadhaa. Ikigoma usiipige teke wala kuongezea bomba kwenye mkono wake, ivue uisafishe au uibadilishe. Halafu chukua nyundo ndogo ugonge shingoni taratibu. Metali nzima inalia wazi, iliyokufa inatoa mlio wa bubu. Kwaruza kidogo kwa kisu: ukiona ndani ni njano safi sawa, ukiona rangi ya pinki hiyo imeisha. Sababu ni kwamba valvu nyingi za bei rahisi ni brasi, yaani shaba na zinki, na maji ya chumvi yanaila zinki taratibu, inabaki shaba yenye vitundu vidogo vidogo ambayo kwa macho inaonekana nzima kabisa ila ukiishika kwa spana inavunjika kama biskuti. Nunua za bronzi, au zile za plastiki ngumu zilizotengenezwa kwa ajili ya bahari. Ya dukani kwa fundi bomba wa nyumba usiweke, hata kama inaingia vizuri.

Mpira ukunje, ukiona nyufa badilisha. Kila mwisho wa mpira uliopo chini ya mstari wa maji uwe na klipu mbili kama shingo ina urefu wa kutosha, na nenda dukani na sumaku, maana klipu nyingi zimeandikwa stenlesi lakini skrubu yake ni chuma cha kawaida kilichopakwa. Sumaku ikinasa kwa nguvu kwenye skrubu rudisha. Mpira ukikataa kuingia uchovye maji ya moto. Mwisho funga kigingi cha mbao laini kwa kamba pembeni ya kila valvu, siku ikikatika gizani uzibe tundu, usianze kutafuta droo.

Hatua ya tano: shafti, propela, zinki

Shika propela itikise juu chini. Shafti ya inchi moja ikicheza kama milimita moja na nusu, bushi ya mpira inayoishikilia shafti imeisha. Bushi hiyo inalainishwa na maji ya bahari, usiipake grisi ya gari inaharibu mpira, kuingiza tumia sabuni ya vyombo. Pakingi ya shafti (zile pete zinazozuia maji yasiingie pale shafti inapotokea) ukiibadilisha kata pete moja moja, na viungo vya pete visikae mstari mmoja, vizungushe. Usikaze mpaka tone likome kabisa, shafti ikizunguka inatakiwa idondoshe matone machache kwa dakika, ikikauka inapata moto na kuila shafti.

Zinki (kile kipande kinachofungwa ili maji ya chumvi yakile badala ya propela na shafti) ikibaki nusu badilisha. Kwangua mahali inapokaa mpaka metali tupu, na usiipake rangi hata kidogo, ukiipaka haifanyi kazi. Zinki ambayo baada ya mwaka bado mpya isikufurahishe, maana yake haijagusana na kitu na kinacholiwa ni propela yako.

Hatua ya sita: mkuku, usukani, malengelenge

Angalia mahali mkuku unapokutana na faiba. Ufa mwembamba wa rangi tu mara nyingi si kitu, lakini ukiwa unatoa maji ya kutu siku kadhaa baada ya kupanda mwite fundi aangalie bolti kutoka ndani. Usukani utikise pia. Malengelenge kwenye faiba ukiyatoboa vaa miwani, maji yake yana presha na yananuka siki. Machache yatoboe, suuza kwa maji yasiyo ya chumvi mara nyingi, yaache yakauke sawasawa ndipo uzibe kwa epoksi. Na epoksi ikishaganda ioshe kwa maji na skochi (kile kitambaa kigumu cha kusugulia) kabla ya msasa, inatoa utando wa mafuta juu na kitu chochote utakachopaka kitabanduka.

Hatua ya saba: rangi

Rangi ya kuzuia chaza ina shaba na sumu, msasa wake ni wa maji, siyo grinda kavu na kijana kifua wazi amefunga fulana puani. Barakoa ya kweli, glavu, na turubai chini uchafu usiende kwenye mikoko. Zile rangi za zamani za bati zimepigwa marufuku kimataifa tangu Septemba 2008 chini ya mkataba wa IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, na si kwa kubuni, kule Arcachon Ufaransa miaka ya 1970 zilikaribia kuua ufugaji wa chaza ghuba nzima. Ukiletewa kopo la zamani lisilo na lebo, kataa.

Koroga mpaka chini, shaba inatuama, usipokoroga unapaka maji ya juu na kutupa dawa. Paka asubuhi umande ukishakauka au jua likipungua, saa sita mchana thina inaruka kabla rola haijafika mwisho. Koti mbili, na ya tatu kwenye mstari wa maji, omo (pua ya boti), na ukingo wa mbele wa usukani na mkuku.

Hatua ya mwisho: kushuka

Valvu zote zifungwe. Boti ikigusa maji na ikiwa bado kwenye mikanda au trela, ingia ndani, fungua moja moja, papasa kila kiungo kwa mkono mkavu. Pakingi za kisasa zile zisizodondosha zibonyeze zitoe hewa, zisipopata maji zinaungua. Ukiridhika ndipo waambie waachie.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Dar: Mkuu yangu ina injini ambayo mguu wake wa aluminiamu unatokea chini ya boti, hakuna shafti. Napaka rangi hiyohiyo?

Hapana kaka. Rangi ya shaba kwenye aluminiamu inaila mpaka inatoboka. Tafuta isiyo na shaba, na hata faiba inayozunguka mguu acha ukanda wa vidole kama viwili bila rangi ya shaba. Injini ya nyuma ni vilevile. Pia ule mpira mkubwa unaozuia maji angalia kitabu cha injini unabadilishwa baada ya miaka mingapi, hiyo ndiyo valvu yako kubwa kuliko zote.

Mdada wa Unguja: Kuna mgeni kaniambia nichanganye pilipili kwenye rangi chaza hawatakaa. Kweli au ananitania?

Hakutanii dada, mabaharia wengi wanaamini. Ila pilipili ya jikoni haikai ndani ya rangi muda wa maana, na unga wake unaharibu ushikaji. Pilipili weka kwenye pweza.

Mdau wa Pangani: Mimi nina mashua ya mbao, naweza kuiacha juu miezi mitatu kama hizo za faiba?

Usiiache juani mzee wangu, mbao zinakauka zinafunguka. Maliza haraka au iezekee makuti na uimwagie maji ya bahari. Kalafati ya pamba (ya kuziba nafasi kati ya mbao) ipigwe mbao zikiwa bado na unyevu, chini paka shahamu na chokaa kama wazee wanavyofanya. Ukishusha itavuja mpaka mbao zivimbe, kaa nayo na pampu, usiiache peke yake usiku wa kwanza.

Mdau wa Dar (tena): Halafu mvua za masika si zitaniharibia epoksi?

Zitaharibu ukilazimisha. Funga turubai kama sketi kuzunguka boti, na kwenye mvua fanya kazi za ndani: valvu, pakingi, impela ya pampu ya maji ya injini. Epoksi subiri siku kavu mbili mfululizo. Bamvua la kushuka likifika na rangi haijakamilika, shuka na koti moja. Valvu ikiwa haijakamilika, usishuke.